Muulize Fundi wa Pedi: Halina miguu, lakini limeniua mara tisa

Mwezi huu mada sikuichagua mimi. Nimefungua ujumbe wenu nikakuta nne kati ya nane zinazungumzia maua, na si ya harusi. Ni yale yanayoota ndani ya kasri la Dracula kwenye gemu za Castlevania. Ujumbe tatu za mpira nimezilaza kiporo. Wenye mpira wenu mtanisamehe, mmeutawala ukurasa huu miaka mingi mno.

Shikamoo fundi. Nacheza Symphony of the Night, mojawapo ya Castlevania, kwenye simu. Mifupa naipiga, mizimu naipiga, ila kuna mmea unaitwa Corpseweed umenimaliza mara tisa. Hauna hata miguu! Mwanzo nilicheka, sasa sicheki. Nakosea wapi? – Kijana wa Mbagala Kizuiani

Marahaba mwanangu. Unakosea hapohapo ulipocheka.

Ngoja nikupe kisa. Kabla sijawa fundi wa kubadilisha vioo vya simu Kariakoo, nilikuwa na banda la gemu Tandika: televisheni mbili za inchi kumi na nne, PS One mbili, feni moja iliyokuwa ikizunguka ikijisikia. Nusu saa, shilingi mia mbili. Sahani ya Symphony ilikuja bure ndani ya mashine ya mtumba, na hakuna mteja aliyeitaka, kwa sababu gemu hiyo anacheza mtu mmoja na wengine wanabaki kutazama. Watu walikuja bandani kufungana magoli na kutukanana, si kutembea peke yao kwenye kasri lenye mishumaa.

Isipokuwa mmoja. Alikuwa muuza maji ya kandoro. Saa nane mchana, jua likiwa limesimama utosini, alikuwa anaweka ndoo yake mlangoni, ananipa mia mbili, anaomba ile sahani ambayo haina wenyewe. Barafu inayeyuka, yeye anacheza. Siku moja nikamwona amemsimamisha Alucard, yule mhusika unayemchezesha, mbele ya ua, hatua chache tu, hafanyi kitu. Nikadhani pedi, yaani kile kidude chenye vibonye cha kuchezea, imekufa. Nikamuuliza. Akasema bila kugeuka: "Hili ni kama duka, bro. Halikufuati barabarani. Mpaka uingie mwenyewe."

Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo. Adui mwenye miguu anakuletea ugomvi, na ugomvi ukija unajua la kufanya. Mmea umefungwa mizizi, kwa hiyo waliotengeneza gemu wanaupanda pale ambapo lazima upite. Mtu wa mbio anafika na mbio zake, anaingia mwenyewe kwenye mate. Wewe umezoea mifupa inayokujia, kidole chako kimekariri kushambulia. Mbele ya ua kidole hicho ndicho kinachokuua.

Fanya hivi. Simama nje ya kipimo chake, mwache amalize zamu yake ya kushambulia, ndipo uingie, piga mara moja au mbili, rudi. Alucard ana ule mtelezo wa kurudi nyuma, kibonye cha pembetatu kwenye pedi ya zamani. Utumie huo, usigeuze mgongo. Kama una maji matakatifu, yarushe chini: moto wake unatambaa sakafuni, na adui asiyeweza kuruka wala kukimbia anaungua amesimama. Shoka nalo linapanda juu kwa tao, zuri kwa kitu kirefu. Na kabla ya yote hayo tafuta chumba cha kusevu. Yule kijana wa kandoro aliwahi kusafisha eneo zima, umeme ukakatika akiwa milango miwili kabla ya kusevu. Alibeba ndoo yake akaondoka bila neno. Nilimrudishia mia mbili yake, akaikataa.

Habari za kazi fundi. Mwanangu ana miaka kumi na moja. Tangu aanze hiyo gemu ya maua kula watu, hataki kumwagilia maua ya barazani jioni. Binamu yake amemwambia Madagascar upo mti unaomeza mtu mzima. Je, ni kweli? Na kama ni uongo, nimwambieje aniamini? – Mama wa Tabata Segerea

Nzuri, dada. Mwambie binamu ana uongo wa tangu mwaka 1874, kwa hiyo asione aibu kuuamini, wakubwa wake waliuamini kabla yake.

Mwaka huo gazeti moja la New York, World, lilichapisha habari ya msafiri aliyedai kushuhudia huko Madagascar kabila la Mkodo likimtoa mwanamke kafara kwa mti wenye mikono kama nyoka. Mti ukamkumbatia, ukamkamua, ukamla. Msafiri hakuwepo, kabila halikuwepo, mti haukuwepo. Lakini habari ilitembea nchi na nchi, na mwaka 1924, yaani miaka hamsini baadaye, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo la Michigan bado aliandika kitabu kizima kuhusu Madagascar akaupa mti huo nafasi kwenye jina la kitabu. Mimi kinachonichekesha ni hilo jina Mkodo. Limekaa kama jina alilobuni mtu aliyewahi kusikia Kiswahili mara moja, kwa mbali, upepo ukivuma. Na ona walikouweka mti wao: ng'ambo ya bahari yetu hii, mahali ambapo msomaji wa New York hawezi kwenda kuhakikisha Jumapili.

Sasa, dada, usimwambie mtoto kwamba mimea inayokula haipo. Ipo, na akigundua siku moja hatakuamini tena. Mwambie inakula nini.

Ule maarufu wenye kinywa cha meno, ambao ndio unaochorwa kwenye gemu nyingi, jina lake la kisayansi ni Dionaea muscipula. Kwa asili unaota eneo dogo tu la Marekani, North Carolina na South Carolina, basi. Unaenea kiganjani. Ndani ya kila kinywa kuna vinyweleo vichache, na vinahesabu: mdudu akikigusa kimoja mara moja, mmea unanyamaza. Akigusa tena ndani ya kama sekunde ishirini, unafumba kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa nini mara mbili? Ili usipoteze nguvu kwa tone la mvua. Baada ya hapo nzi mmoja unamla polepole, wiki nzima au zaidi. Kwa mwendo huo mtoto wako angeweza kumaliza darasa la tano yuko salama.

Mimea hii ni maskini, dada, si mibabe. Inaota kwenye ardhi yenye maji lakini haina mbolea, hasa naitrojeni, kwa hiyo inatafuta kitoweo hewani. Hata Madagascar yenyewe ina wa kweli: Nepenthes, wenye majani yaliyofinyangwa kama mitungi yenye maji chini. Mdudu anateleza ukingoni, anazama. Na kwetu hapahapa Tanzania kwenye majimaji ya nyanda za juu inaota Drosera, midogo, myekundu, majani yake yamejaa nywele zenye tone la kunata kwenye ncha. Wewe na mimi tunaijua kazi hiyo kwa jina lake: ni ulimbo. Kama umekulia mtaa wenye mfenesi na wavulana wanaotega ndege, umeshauona. Aina moja ya Drosera hiyo inaitwa madagascariensis ingawa inaota bara pia, utadhani Madagascar imeamua kudaiwa kila kitu. Upo na mwingine wa kwenye maji yaliyotulia, Utricularia, wenye vibofu vidogo sana. Kiluwiluwi cha mbu akigusa mlango, kibofu kinamfyonza kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Huo, mwambie kijana, uko upande wetu.

Kisha jioni mpe kopo, nendeni wote wawili barazani. Mwache aingize kidole ndani ya kila ua, moja moja. Hotuba achana nayo.

Fundi, kwenye Aria of Sorrow, Castlevania nyingine, kuna mmea mwenye mwili wa mwanamke, Alura Une, na mdogo wake Une. Hilo jina ni la lugha gani? Nimetafuta sijapata neno kama hilo. – Mwanachuo, Mwenge

Hujapata kwa sababu neno limepita bandari tatu, na kila bandari imelikwangua rangi.

Lilianzia Ujerumani: Alraune, jina wanalouita mzizi wa mandragora. Mmea huo ni wa kweli, unaota nchi za kandokando ya Bahari ya Mediterania, una sumu, na mzizi wake mara nyingi umegawanyika chini kama miguu ya mtu. Watu wa Ulaya ya zamani walipoona miguu wakamalizia wenyewe mengine: kwamba ukiung'oa unapiga ukelele, na anayeusikia anakufa. Kwa hiyo, walisema, mfunge mbwa kwenye mmea, ziba masikio, kaa mbali, mwite mbwa. Mbwa anavuta, mzizi unatoka, mbwa anakufa, wewe unakwenda zako na dawa. Walioishi jirani na waganga wa mizizi hawatashangaa sana, ila nadhani mbwa wa Tandika angekataa kazi hiyo.

Kutoka Ujerumani neno likaenda Japani, kwa sababu Castlevania ni ya kampuni ya Konami ya huko, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1986. Mjapani ana ulimi kama wetu: konsonanti zikigongana anaziwekea irabu katikati. Sisi tulichukua Schule ya Wajerumani haohao tukaifanya shule. Wao wakachukua Alraune ikawa Aruraune. Kisha likatafsiriwa kwenda Kiingereza, anayetafsiri akaandika alichosikia, akakata vipande viwili: Alura Une. Ndiyo maana kamusi imekukatalia.

Na ukicheza vizuri Aria hiyo ya mwaka 2003 utakutana na Mandragora pia, ambaye silaha yake ni ukelele wake uleule. Maana yake mzizi mmoja wa Ulaya umetoa maadui wawili kwenye gemu moja, mmoja kwa jina la Kilatini na mwingine kwa jina la Kijerumani lililovunjika, na hawafanani hata kidogo. Mimi nampenda zaidi Mandragora. Mwanamke ndani ya ua nimeshamwona kwenye kila gemu ya Kijapani, wamemchosha.

Fundi, nina PS One yangu bado nzima, memori kadi imekufa. Nitapata wapi? – Baba wa Kigamboni

Njoo nayo. Leta na mashine, niisikie ikiwaka.

Mambo fundi. Mimi na rafiki yangu tunatengeneza gemu yetu kwenye kompyuta, nyumba ya kale ya pwani, usiku, yenye majini na popo. Tunataka adui awe mmea lakini hatutaki kuiga kinywa chenye meno. Utupe mmea wa huku. – Wawili wa Sinza

Poa. Hapa nimekaa siku mbili, kwa sababu nilitaka kuwapa mbuyu, nikaona kila mtu atawapa mbuyu. Nikafikiria upupu. Upupu ni mzuri kwa uchokozi: ganda lina vinyweleo, ukipita unaanza kujikuna, mchezaji anapoteza udhibiti wa pedi sekunde kadhaa. Mpandeni kwenye ua wa nyuma, mlango wa jikoni, akipeperushwa na upepo. Lakini huyo ni mkorofi tu, si wa kumtoa mtu jasho usiku.

Nawapa kifauongo. Mnakijua, kile cha kando ya uwanja chenye vijani kama unyoya na maua ya zambarau kama vifundo vya uzi. Ukikigusa kinajikunja chote, kijani kwa kijani, kikonyo kinaanguka, kimekufa. Utotoni tulikuwa tunakipigia kelele huku tunakigusa, tukiamini kinatusikia. Kisha tunachuchumaa kukitazama. Kinakaa dakika kadhaa kimelala, halafu jani la kwanza linafunguka taratibu, kama mtu anayefumbua jicho moja kuangalia kama wageni wameondoka.

Sasa kichukueni hicho, mkifanye kirefu kufika kwenye dari ya korido ya nyumba yenu. Mchezaji anaingia na taa, anakipiga mara moja, kinajikunja, kinaanguka pembeni. Muziki wa vita unakatika. Mpeni na sarafu mbili hivi, aamini. Anapita juu yake, anaufikia mlango, mlango umefungwa na ufunguo uko kule alikotoka. Anageuka.