Kabla hamjachanga fedha za kutangaza mtaa

Nauza vitambaa na vifaa vya kushonea, na kwa miaka 7 sasa mimi ndiye mhazini wa umoja wa wenye maduka wa mtaa wetu. Kila baada ya muda anakuja mtu kutoka mtaa mwingine, anasimama kaunta, anauliza jambo lilelile: nasi tunataka kuungana tuutangaze mtaa wetu, tuanzie wapi? Nikimuuliza wamefikia wapi, mara nyingi anatoa simu na kunionyesha nembo.

Nasi tulianza na nembo. Tukachanga, tukachapisha vipeperushi, tukatundika bango pale mtaa unapoanzia. Miezi 8 baadaye maboksi mawili ya vipeperushi yalikuwa bado chini ya meza yangu ya kukatia. Havikuwa vibaya. Vilisema tu kwamba mtaa wetu unapendeza na maduka yetu yanajali wateja, na hakuna anayefunga safari kwa maneno hayo. Mtu anatoka nyumbani kwa sababu zipu imekatika na kiatu kimeachia soli, na anajua mambo yote mawili atayamaliza kwa safari moja.

Kwa hiyo jueni kwanza mna nini. Sisi tulichagua asubuhi moja, tukachelewa kufungua, tukapita duka kwa duka wote pamoja. Kila mwenye duka alipewa dakika chache aeleze anachouza na, zaidi ya hapo, kile anachoweza kufanya ambacho hakionekani dirishani. Nilikuwa nimekaa jirani na muuza mikoba kwa miaka 9 bila kujua kwamba anatengeneza miavuli. Yeye naye hakujua kwamba nashona mapazia. Hebu fikirieni ni wateja wangapi tuliowaambia "hapa hakuna" huku jibu likiwa ukuta wa pili.

Asubuhi ile ndiyo iliyozaa ramani yetu. Ni karatasi moja tu: mtaa umechorwa ulivyo, na kila mlango una jina lake na kazi zake mbili tatu kwa maneno ya kawaida. Hatuirundiki mlangoni watu wajichukulie. Mteja akiuliza kitu nisicho nacho, naichukua, nazungushia mlango anaotakiwa kwenda, naandika nyuma jina la duka langu na kile anachotafuta, kisha nampa mkononi. Fundi viatu, milango mitatu kutoka kwangu, alikuwa amekataa kujiunga. Tulimweka kwenye ramani hata hivyo. Mwezi wa kwanza alikusanya karatasi 22 zenye majina ya maduka yetu nyuma. Alizileta kwenye kikao zimefungwa kwa uzi wa kushonea viatu, akaziweka mezani, na juu yake akaweka mchango wake.

Kuhusu wanaouza bidhaa zinazofanana, msiogope sana. Wakalisheni pamoja waulizane mmoja ana nini ambacho mwenzake hana. Kipo karibu kila mara.

Penye ugumu ni fedha, na hapo nina kosa langu la kusimulia. Mwaka wa pili tulitundika taa kuvuka mtaa mzima ili watu wasikimbie jioni ikiingia. Duka moja katikati halikuchanga. Kwenye kikao mtu akasema balbu za mbele ya mlango ule zifunguliwe, nami nikaunga mkono, maana nilikuwa nimechoka kufuatilia michango. Fundi akapanda ngazi, akafungua balbu 6. Jioni ile nilisimama mlangoni kwangu nikitazama. Watu walikuja wakiangalia madirisha, wakafika pale penye giza, wakasita, wakageuka. Walidhani maduka yameishia hapo. Ng'ambo ya lile giza kulikuwa na maduka matano ambayo yalikuwa yamelipa kila kitu.

Siku ya tatu tulizirudisha. Nilikwenda mwenyewe kwa yule mwenye duka, si kudai, bali kumuuliza kwa nini. Akaniambia: "Dada, nilichanga za vipeperushi. Mpaka leo sijaonyeshwa zimekwenda wapi." Alikuwa na haki. Daftari lilikuwa ndani ya droo yangu, na wala hakuna aliyewahi kuliomba. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi ukurasa wa mapato na matumizi unaingia kwenye kundi letu la simu pamoja na picha za risiti, hata risiti ya gundi. Baada ya miezi miwili alilipa bila kukumbushwa. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja kilichouweka umoja wetu hai, nitasema ni huo ukurasa.

Tatizo la wasiochanga si geni. Toronto, nchini Kanada, wenye maduka wa Bloor West Village walikuwa wakipoteza wateja kwa sababu ya maduka makubwa na reli ya chini ya ardhi iliyopita karibu nao. Walijaribu michango ya hiari, na wengine wakabaki kufaidi bila kutoa. Wakaomba sheria itakayowezesha kila mfanyabiashara wa eneo lililowekewa mipaka alipe, na mwaka 1970 eneo lao likawa la kwanza la aina hiyo duniani. Uingereza iliweka sheria yake mwaka 2003. Huko wafanyabiashara hupiga kura, na pendekezo linapita tu likiungwa mkono na wengi kwa hesabu ya kura na pia kwa thamani ya majengo ya waliopiga kura. Likipita, wote wanalipa, lakini si zaidi ya miaka 5 kabla ya kurudi kwenye kura. Naupenda utaratibu huo kwa kuwa hakuna wa kubembelezwa. Ila nawaambia wenye maduka madogo: ulizeni mapema nani atakaa kwenye kamati, maana anayefanyia biashara kwenye jengo la thamani kubwa ana uzito mkubwa.

Siku maalumu nazo zinafaa, kwa kiasi. Marekani kuna Small Business Saturday, Jumamosi ya kuhimiza watu wanunue kwenye maduka madogo, iliyoanzishwa na kampuni ya American Express mwaka 2010, ikafika Uingereza mwaka 2013. Tulijaribu siku kubwa ya kwetu, muziki na watu tele, na mauzo yangu siku hiyo yalikuwa ya kawaida kabisa. Kilichotusaidia zaidi ni jambo dogo: jioni moja kila wiki wote tunachelewa kufunga. Wote. Mteja akikuta milango miwili imefungwa wiki ya kwanza, ya pili haji. Na hesabuni watu: mmoja mwanzo wa mtaa, mmoja mwisho, kalamu na karatasi, saa moja ileile ya siku ileile, kabla na baada ya kuanza jambo jipya. Bila hivyo mtabishana kwa hisia.

Nimeliacha mwisho kwa makusudi jambo linaloniuma. Mtaa wetu ulipochangamka, mwenye nyumba mmoja alipandisha pango la wapangaji wake wawili mkataba ulipoisha. Mmoja wao alikuwa ndiye aliyechora ramani yetu. Alihama. Jina lake liko bado kwenye karatasi za zamani, na wateja waliendelea kuja kumuulizia kwa muda mrefu. Hatukuwa tumefikiria kabisa kwamba kazi yetu ingempandishia mtu gharama ya kukaa mahali alipopajenga.

Basi, kwenye kikao chenu cha kwanza, hata kabla ya nembo, kila mtu aseme mkataba wake wa pango unaisha lini. Kisha wapangaji wajadiliane na wenye nyumba sasa, wakati mtaa bado umepoa, wapate miaka mingi zaidi kwa bei inayojulikana. Sisi tumechelewa kwa hilo. Safu ya mwisho ya daftari langu siku hizi ni tarehe za mikataba. Mitatu inaisha mwaka huu, na barua kwa wenye nyumba tumeiandika pamoja, na maduka yote 17 yametia saini, pamoja na lile lililozimiwa taa.