Mwenzako akiumia motoni, andika usiku uleule

Ripoti ya kwanza niliyowahi kuandika kuhusu ajali ya motoni niliiandika nyuma ya risiti ya duka la pembejeo, kwa kalamu ya kuazima, siku nne baada ya tukio. Siku nne! Kufikia hapo mkono mmoja ulioungua ulishakuwa na hadithi tatu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kujitolea cha kuzima moto, kijiji kimoja kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Wengi wetu tulijuana Oktoba 2020, moto ulipoanzia Whona, pale wageni wanaopanda kwa njia ya Marangu wanapopumzika kati ya Mandara na Horombo, na mamia ya watu wakapanda kusaidia. Tuliporudi tukakubaliana tusingoje tena kuja kuitwa. Tuna mabomba manne ya mgongoni, mapanga, majembe, na matawi mabichi ambayo hayaombi bajeti. Daftari hatukuwa nalo, na hakuna aliyeona kama limepungua.

Siku ya ajali ile, nyasi zilishika moto chini ya korongo. Vijana watatu wakapita upande wa juu wakafyeke mkuza wa kuzuia moto. Mnaojua mlima mtakuwa mmeshaona kosa: korongo ni bomba la moshi, na moto hupanda mlima haraka kuliko miguu ya mtu. Kama saa nane mchana upepo ukageuka. Wawili walikimbilia sehemu iliyokwisha kuungua. Wa tatu alianguka, akafunika uso kwa mkono, na jezi yake ya mpira, naironi tupu, ikayeyuka ikagandia kwenye ngozi.

Jioni mwenyekiti wetu akanivuta pembeni. "Katibu, haya tuyamalize wenyewe. Ukianza kuandika, kesho hakuna mzazi atakayemtoa mtoto wake." Nikakubali. Sikutishwa wala kuhongwa, nilikubali tu, kwa kuwa maneno yake yalikuwa na akili ndani yake na mimi nilikuwa nimechoka.

Baada ya siku nne akaja mama wa yule kijana, na ile jezi ndani ya mfuko. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akaketi. "Mwanangu, mimi sitafuti wa kumfunga. Nataka kujua alikuwa na nani, na nani alimwambia aende pale juu." Nikaita waliokuwepo. Mmoja akasema aliteleza. Mwingine akasema alikatazwa akakaidi. Wa tatu akasema alitumwa, na alipoulizwa na nani, akatazama chini. Hakuna aliyekuwa anadanganya kwa makusudi, naamini hivyo. Kila mtu alikuwa amekwisha kujisimulia mara kumi.

Ndiyo maana nasema usiku uleule, kabla ya chai ya pamoja, kila mmoja akiwa peke yake. Watu wakishakaa kwenye benchi moja hadithi zinaungana, na ya mwenye sauti kubwa ndiyo inayobaki.

Cha kuandika si kingi. Saa. Mahali, kwa jina ambalo hata mgeni akiulizia ataonyeshwa. Upepo ulitoka wapi. Nani alimtuma nani, kwa maneno yapi. Aliyeumia alivaa nini. Tenganisha "niliona" na "niliambiwa", hata kama aliyekuambia ni mchungaji. Na neno "uzembe" lisiingie kwenye karatasi ya kwanza. Hilo ni hukumu, na ukishalitanguliza, aliyebaki na habari muhimu anafunga mdomo. Ile jezi usiifue, bomba lililogoma usilitengeneze kwanza. Piga picha, lakini picha ya majeruhi isiende kwenye grupu la WhatsApp. Mama huyu alijua habari za mwanawe kupitia stetasi ya jirani, jambo ambalo bado linaniumiza kuliko yote.

Halafu karatasi iende mahali. Kwetu inaenda kwa mtendaji wa kijiji, na moto ukiwa umeingia hifadhini, nakala inaenda kwa TANAPA, wenye hifadhi za taifa, au TFS, wakala wa misitu, kulingana na msitu ni wa nani. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini hiyo ni ya kuita msaada moto ukiwaka, ripoti ni kitu kingine. Nakala yako igongwe mhuri. Msione ni urasimu: sisi tulipofika hospitali tuliulizwa PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, na polisi nao wanauliza nini kilitokea, wapi, saa ngapi. Mwenye maandishi anajibu kwa dakika tano. Sisi tulijibu kwa kutazamana.

Wasomaji wa Kenya wataniambia sheria ipo. Ndiyo, sheria yao ya usalama na afya kazini ya 2007 inataka kifo cha kazini kitolewe taarifa ndani ya saa 24 na maandishi yafuate ndani ya siku 7. Ila inamwambia mwajiri. Sisi tunaopanda na majembe yetu, mwajiri wetu ni nani? Mtu wa kujitolea akiumia, karatasi yake isipoandikwa na wenzake haitaandikwa na mtu. Gharama za mkono ule zililipwa kwa mchango, daftari la mchango tukalipata siku ileile. Hapo cheka ukitaka.

Sasa jambo lililoninyima usingizi. Nilipokuwa naandika ile risiti nikakumbuka Julai. Korongo lilelile, kijana mwingine alipotea kwenye moshi karibu saa nzima. Tulimkuta ameketi anatapika, tukampa maziwa, tukamtania njia nzima ya kushuka. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo hakuna aliyesema kitu. Siku hizi matukio ya aina hiyo tunayaita "nusura", na nayo yanaandikwa kama ajali. Marekani wazima moto wana mfumo wa kitaifa wa kukusanya nusura tangu 2005, bila kutaja jina la mtu wala kikosi, ili wa jimbo jingine asome kabla hayajamkuta. Australia somo lilikuwa ghali zaidi. Tarehe 2 Desemba 1998, huko Linton katika jimbo la Victoria, wazima moto 5 wa kujitolea kutoka Geelong West walikufa upepo ulipogeuka wakiwa ndani ya gari lao, na uchunguzi uliofuata ukabadilisha namna wa kujitolea wanavyofundishwa kabla ya kupelekwa motoni. Nilisoma habari zao mara mbili, nikatafuta ramani ya korongo letu.

Na kama anayelalamikiwa ndiye kiongozi? Mpite. Andika jina lake na maneno yake, peleka juu yake. Dada mmoja wetu alikuwa akishikwashikwa na mkubwa wa zamu kila wakilala kambini, na alipoambiwa "mweleze kiongozi wako" alicheka kwa uchungu. Mambo hayo yana mlango wake, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Asipelekwe kwenye kikao cha kusuluhisha na huyohuyo.

Daftari letu la sasa haliko kwangu wala kwa mwenyekiti. Linakaa dukani kwa mama wa yule kijana, kwenye kaunta karibu na vocha, kwa sababu anafungua alfajiri, anafunga usiku, na haogopi mtu. Kalamu ameifunga kwa uzi. Mwezi uliopita mwenyekiti mwenyewe alifika pale na masizi usoni, akasimama kidogo, akaomba aandikiwe: wakati wa kushuka alisahau kuhesabu watu. Mama akamuuliza saa ngapi.