Wimbo mpeni mhusika

Mumeuliza wiki hii kama nyimbo za mastaa zafaa kutiwa kwenye muvi za katuni ama kila katuni itungiwe zake. Mie nasema zitiwe tu, shida si wimbo kuwa wa zamani wala kuwa wa redioni, shida ni mle ndani ya hadithi nani anauimba na anauimbia nini, maana siku hizi katuni nyingi wimbo umebandikwa tu juu juu, hadithi ikiwaishia wanyama wote wanachezeshwa disko, majina yanapita, kwaheri.

Hebu angalieni Lilo & Stitch ya 2002. Kale katoto Lilo kamegombana na wenzake kakajifungia nyumbani, dadake yuko nje anagonga mlango, kenyewe kamelala sakafuni santuri ya Elvis, mwimbaji wa Marekani wa zamani, inazunguka, Heartbreak Hotel. Basi, hapo hakuna haja ya mtu kuelezwa chochote. Elvis ni wa yule mtoto, yeye ndo kamchagua, ata baadae anataka kumfunza Stitch, kale kajikiumbe kalikotoka angani, awe kama Elvis, sasa ukiutoa ule muziki hadithi yenyewe inapwaya.

Ama The Lion King ya 1994, Timon na Pumbaa, nguchiro na ngiri, wanatembea porini wanaimba ati simba amelala leo, Pumbaa akaona mdudu akamfuata, Timon naye anaendelea kupayuka peke yake hajui kaachwa, mara Nala, simba jike, huyo na njaa zake! Yani wao wanamwimba simba kalala na simba yuko nyasini macho kodo. Huo ni utani wa mtu alosikiliza maneno ya wimbo kabla ya kuutia.

Ila wimbo huo una kesi yake. Solomon Linda, mwimbaji wa Afrika Kusini, aliurekodi Johannesburg 1939, jina lake Mbube, akafa 1962 hana kitu, jamaa zake wakaja kuishtaki Disney na wakaelewana 2006. Kwa hivo nikisema zitiwe simaanishi zichukuliwe bure. Na sisi huku Mombasa tungefaa kuwa wa kwanza kupiga kelele kwa mambo haya, Jambo Bwana ya Them Mushrooms ilitoka 1982 na mwaka ulofuata kundi la Boney M la Ulaya washaiimba upya. Hakuna Matata ya kwenye katuni ni wimbo mwengine kabisa, wa Elton John na Tim Rice, lakini nenda hoteli za Bamburi usiku, mgeni akiomba ile ya simba bendi inampigia Jambo Bwana na mgeni anapiga makofi haswa. Mie huona raha sana hapo.

Kuna mtu ataniletea Shrek ya 2001, na ana haki. Hallelujah ya Leonard Cohen hakuna anayeiimba mle ndani, ni sauti ya John Cale inapita juu ya picha (kwenye albamu ya nyimbo za muvi wakamuweka Rufus Wainwright, sijui kwa nini kuchanganya watu), na bado inauma, kwa sababu hapo muvi imeacha mizaha yote, Shrek yuko peke yake kwake na Fiona, binti mfalme anayempenda, kule anangoja harusi asoitaka. Lakini watengeneza katuni wengine waloiga hawakuiga utulivu ule, waliiga ile karamu ya mwisho Punda akiimba I'm a Believer.

Alafu Madagascar, 2005. I Like to Move It ni ya Reel 2 Real, ya 1993, ila saa hii ni ya King Julien, yule mfalme wa komba wa kwenye muvi, na hakuna wa kumpokonya. Kwenye besdei huku Kisauni dijei akiitia tu watoto wanaruka wanaita Julien, Julien, na wajomba zao waloucheza wimbo huo disko wakiwa vijana wamebaki kuangaliana na soda mkononi.

Mie nangojea katuni ya Mombasa. Juma Bhalo, yule mwimbaji wa taarabu, redioni, bibi yuko jikoni na mahamri yake anabishana na beti moja moja mwiko mkononi, mjukuu kaduwaa. Lakini kabla hata picha ya kwanza haijachorwa waende wakaongee na jamaa zake, na walipwe.