Usimpe amoksilini iliyobaki

Dada, umeuliza kama umpe mwanao wa miaka 4 amoksilini iliyobaki kabatini, kwa sababu ana mafua na kikohozi, na kama dawa hiyo hiyo itamtoa mapunye kichwani. Tafadhali usimpe.

Mafua huletwa na virusi. Amoksilini, sawa na penisilini aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928, huua bakteria kwa kuharibu ukuta wa seli zao. Virusi havina ukuta huo. Huingia ndani ya seli za mtoto na kuzaliana humo, kwa hivyo dawa haina pa kushika. Huenda ikamharisha bure, na bakteria wakaizoea. Mpe maji, uji na supu, apumzike. Lakini akipumua mbio, mbavu zikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, au akikataa kunywa, mkimbize hospitali usiku huohuo. Hiyo yaweza kuwa nimonia, na nimonia haisubiri asubuhi.

Mapunye ni kuvu, si bakteria, kwa hivyo amoksilini haitayatoa. Krimu ya kupaka pekee haifiki kwenye mzizi wa nywele. Daktari atamwandikia dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Asichangie kitana wala kofia na wenzake.

Je, mmetoka ushago karibuni, pande za Kisumu au Busia? Malaria ni vimelea vinavyoenezwa na mbu, na ingawa Nairobi si nyingi, homa yake huweza kuzuka wiki kadhaa baada ya safari. Akichemka, apimwe damu kabla ya kumeza dawa yoyote ya malaria.