Swali la lugha: Mkataba, agano au mapatano?

SWALI: Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Tabora, na ndimi mlezi wa klabu ya midahalo. Mada yetu ya mwezi huu ni "Taifa la Australia lisaini mkataba na watu wake wa asili". Mdahalo haujaanza, tayari wanafunzi wanagombania maneno. Wanaounga mkono wanataka "agano", eti mkataba ni wa mpangaji na mwenye nyumba. Wanaopinga wanasema "watu wa asili" ni kama tusi, tena kura ya maoni ya mwaka 2023 iliukataa mkataba huo, kwa hiyo mada imepitwa na wakati. Tushike lipi? Na je, ni kutia saini au kuweka saini?

JIBU: Mwalimu, salaam. Waache wagombane, maana nusu ya mdahalo huo imo ndani ya maneno hayohayo.

Mkataba ni wa ukoo mmoja na kitabu, katibu, maktaba na katiba. Shina lake la Kiarabu ni la kuandika. Ni patano lililotiwa kwenye karatasi, wawe wapangaji wa chumba Ng'ambo au madola mawili. Mapatano yanaweza kubaki mdomoni. Mtemi Mirambo wa Wanyamwezi na Stanley, mpelelezi wa Kizungu, walipofanya udugu Aprili 1876 hawakuandikiana kitu, walichanjiana damu. Yalikuwa mapatano mazito, ila huwezi kuyaita mkataba. Agano nalo lina heshima yake, lakini limekaa kanisani muda mrefu mno: ukilitamka, msikilizaji anamtazamia Musa ashuke mlimani. Bunge letu, kwa Ibara ya 63 ya Katiba, huridhia mikataba, haliridhii maagano. Shikeni mkataba.

Wanafunzi wako hata hivyo wamehisi jambo. Neno hili lina doa masikioni mwetu, na doa lenyewe halikutoka kwa mwenye nyumba. Limetoka Msovero, Usagara, Novemba 1884, chifu Mangungo alipoweka alama kwenye karatasi ya Mjerumani Carl Peters iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma. Februari iliyofuata Kaizari wa Ujerumani akatoa hati ya ulinzi, na karatasi za namna hiyo zikawa ushahidi kwamba nchi imetolewa. Mtanzania aliyepita darasa la historia akisikia chifu na mkataba katika sentensi moja, anashika mfuko wake.

Na kisa chenye mafunzo zaidi kwa mwalimu wa lugha kiko New Zealand, jirani wa Australia. Mkataba wa Waitangi, kati ya Waingereza na machifu wa Wamaori, wenyeji wa huko, ulianza kutiwa saini tarehe 6 Februari 1840. Mmisionari Henry Williams na mwanawe Edward walikuwa wameutafsiri kwa Kimaori usiku mmoja tu. Nakala ya Kiingereza inasema machifu wanamkabidhi malkia mamlaka yote ya dola. Nakala ya Kimaori inasema wanatoa kawanatanga, neno lililofinyangwa kutokana na "gavana", kama sisi tunavyolichukua gavana tukapata ugavana. Kifungu cha pili kinawaachia machifu rangatiratanga yao, ambayo kwa huko kwenu nisingesita kuiita utemi, yaani uchifu. Sasa mweke mtemi wa Unyanyembe mbele ya karatasi hiyo. Anaambiwa: ugavana tupe sisi, utemi baki nao. Angekataa nini? Machifu zaidi ya 500 walikubali, walio wengi wakiwa wameikubali nakala ya Kimaori, na mabishano juu ya maneno hayo mawili hayajaisha hadi leo.

Australia haina hata karatasi kama hiyo ya kubishania. Waingereza walipoanza kuhamia mwaka 1788 hawakuandikiana mkataba na mtu. Mwaka 1835 mlowezi John Batman alidai kupatana na Wawurundjeri, wenyeji wa eneo ulipo mji wa Melbourne leo, wampe ardhi kwa mablanketi, visu na mashoka. Gavana Bourke akayabatilisha mapatano hayo mwaka huohuo: ardhi ni ya mfalme, hao hawana cha kuuza. Ilibidi kusubiri hadi Juni 1992, katika kesi ya Mabo, ndipo Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikakataa dhana kwamba ardhi ile haikuwa na wenyewe.

Hapo naingia kwenye mada yenu, ambayo ina kasoro ambazo hamkuziuliza. "Taifa lisaini mkataba na watu wake." Neno "wake" limeshawamilikisha watu hao kwa mtu mwingine kabla msemaji wa kwanza hajasimama. Na kwa nini taifa? Anayetia saini ni serikali. Isitoshe, wale wa upande wa pili hujiita mataifa, Mataifa ya Kwanza, na wamekuwapo kabla ya dola la Australia. Mkiwaita makabila, wanaounga mkono wamepoteza bao. Mkiwaita mataifa, wanaopinga ndio wamepoteza. Chagueni mkijua mnachofanya.

Kitenzi nacho kina siasa zake. Kusaini hufanywa hata na mtu mmoja. Kuandikiana kunadai wawili, na hiyo -ana mwishoni ndiyo kiini cha ubishi wote. John Howard, kabla na baada ya kuwa waziri mkuu, alishikilia kwamba taifa haliwezi kufanya mkataba na raia wake lenyewe. Kwa sarufi yetu ni kusema mtu hawezi kuandikiana na nafsi yake. Hoja ina mashiko, wanaopinga waitumie. Wenzao watajibu kwamba wawili walikuwapo tangu mwanzo, mmoja akajifanya hamwoni mwenzake, na kwamba Kanada ilifunga na Mataifa ya Kwanza ya huko mikataba kumi na mmoja yenye namba kati ya 1871 na 1921.

Kuhusu "watu wa asili", si tusi, lakini jirani zake ni gesi asilia na misitu ya asili, na binadamu akikaa sana katika ujirani huo anaanza kuhesabiwa pamoja na miti. Mzawa limechafuliwa na siasa zetu za biashara. Mzalendo zamani lingefaa, leo ni mpenda nchi. Mimi napendelea wenyeji wa asili, kwa sababu mwenyeji kwa Kiswahili ndiye anayepokea wageni. (Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Kule mgeni alikuja.) Jihadharini tu na kienyeji: kuku wa kienyeji anasifiwa, anayefanya mambo kienyeji hasifiwi.

Kura ya tarehe 14 Oktoba 2023 haikuhusu mkataba. Iliuliza kama katiba itambue chombo cha wenyeji wa asili cha kulishauri bunge na serikali, kilichoitwa Sauti, na takriban asilimia 60 wakasema hapana. Tamko la Uluru la mwaka 2017, lililotolewa na wawakilishi wa wenyeji hao, liliomba Sauti kwanza, kisha mkataba na kusema ukweli wa yaliyopita. Na mwezi Novemba 2025 jimbo la Victoria lilikamilisha mkataba wake kwa njia ya sheria ya bunge la jimbo. Mada yenu haijapitwa. Ningeiandika hivi: "Serikali ya Australia iandikiane mkataba na mataifa ya wenyeji wa asili."

Kutia saini, kuweka saini, kusaini: yote sawa, msipoteze muda. Ila mkifika Waitangi semeni kutia alama, maana baadhi ya machifu hawakuandika jina. Walichora sehemu ya chale za nyuso zao.