Kuhusu kampuni ya IT inayotaka paswedi zote za kliniki

Dada, nimekupata. Kliniki yako ya Nakuru haina mtu wa kompyuta, na kampuni utakayolipa kila mwezi inataka paswedi zote. Kazi wape, ila akaunti yako kuu usiwape, watengenezee yao, iwe inadai namba inayotumwa kwa simu kila wakiingia, ndio siku mkiachana unaifunga tu na kila kitu kinabaki mkononi mwako.

Nakazia hapo coz Julai 2021 wahalifu walipitia programu ya Kaseya, ambayo kampuni kama hizo hutumia kusimamia kompyuta za wateja, na biashara kama 1,500 zikafungiwa mafaili, hata supamaketi za Coop kule Uswidi zilifunga mamia ya maduka juu mashine za kulipia ziligoma.

Bakapu moja, yaani nakala ya mafaili yako, weka kwa diski ya nje, ukimaliza kukopi ichomoe, na mara moja moja ufungue faili uone kama inafunguka kweli.

Mkataba uwe wa maandishi, sheria yetu ya data ya 2019 inataka hivyo. Data ya wagonjwa ikivuja wao wakuambie ndani ya saa 48, wewe una 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Wakili ausome kabla hujasaini.