Kuomba kazi ya utafiti wa magonjwa ya kinga ukiwa mtu wa takwimu

Ndugu muulizaji, umesema una shahada ya uzamili ya takwimu, hujasoma elimu ya kinga ya mwili, na unasita kuomba nafasi ya utafiti wa baiolojia ya kikokotozi (kuchambua data za baiolojia kwa kompyuta na takwimu) karibu na Cambridge, Uingereza. Omba. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kusafisha na kuchambua majedwali ambayo kila mstari ni jeni na kila safu ni seli moja, na visanduku, vinavyoonyesha jeni inavyofanya kazi katika seli hiyo, vingi vina sifuri. Anayeelewa sifuri hizo zimetoka wapi atafaa kuliko aliyekariri majina ya seli.

Hata hivyo, usiende mikono mitupu. Soma kuhusu eneo la HLA (jeni zinazosaidia kinga kutofautisha seli za mwili na vitu vya kigeni) katika kromosomu ya 6, ambako jeni hurithiwa kwa pamoja kiasi kwamba ni vigumu kutambua ipi hasa inachangia baridi yabisi au lupasi, magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe. Katika barua ya maombi, eleza uchambuzi mmoja ulioufanya mwenyewe kwa lugha za kompyuta za R au Python, pamoja na kosa ulilolikamata njiani (binafsi huvutiwa zaidi na kosa lililoelezwa vizuri kuliko orodha ya vyeti). Suala la viza liulize kabla ya usaili.